Hita ya Mzee Punguza

Mzee Punguza hakuomba kupunguziwa.

Fundi wa hita alisimama kwenye korido na sanduku lake la vifaa, akisubiri. Alikuwa ametaja bei ya koili mpya, thamostati na ufundi wake, bei ya kumeza karibu nusu ya pensheni ya mzee ya mwezi, tena alikuwa ameiongeza kidogo ili wapate pa kuvutania. Mtu huyu aliwahi kubishana naye asubuhi nzima kwa ajili ya kipande cha mpira wa bomba. Jina la Punguza alikuwa amelitolea jasho.

"Sawa," mzee alisema. "Anza."

Fundi aliona haya. Akaiondoa ile nyongeza mwenyewe, lakini mzee hakuwa hata anasikiliza.

Hita ilikuwa imeharibika kabla ya miezi ya baridi. Fundi alishaitwa kuitazama, na mzee akamwambia bei hiyo ni wizi wa mchana, kwamba watu wameoga maji ya baridi tangu dunia iumbwe na hawakupungukiwa kitu. Siku hiyo aliyemsindikiza fundi hadi getini alikuwa mke wa mzee, mama mwembamba mwenye vidole vilivyovimba viungo, ambavyo alivificha ndani ya mikono ya sweta. Alisema zamani alikuwa akichemsha maji jikoni, ila siku hizi sufuria limemshinda kulibeba.

"Huwezi kuibabaisha hivyo hivyo, mwanangu?" aliuliza. "Hata yakitoka vuguvugu tu, mimi yananitosha."

Fundi alimweleza ukweli, kwamba koili ikishaungua haina ujanja. Mama akacheka kidogo. Alisema pesa mzee anazo, ni vile tu anaogopa siku za shida, na yeye atambembeleza taratibu. Fundi aliondoka roho ikimuuma.

Na leo asubuhi mzee alimpigia simu mwenyewe, akamtaka aache kila kitu aje. Watoto wako njiani, alisema, na lazima mama yao aoge kabla hawajafika.

Sebuleni makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani na zulia limekunjwa, kama watu wanaojiandaa kupaka rangi. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umefungwa. Mbele yake, kwenye kigoda, alikaa dada wa yule mama, macho yamevimba, mapajani ana taulo jipya na sabuni ambayo haijafunguliwa.

Fundi akapiga hesabu zake. Mama amegoma. Kajifungia ndani, kamwita dada yake, watoto wanakuja kusuluhisha, na mzee kasalimu amri, hita na rangi juu yake. Kimoyomoyo alimpongeza mama.

Akazima umeme, akafunga maji, akamwaga maji ya tangi. Koili ilitoka imegandwa na chokaa. Mzee alichuchumaa pembeni akimshikia tochi.

"Weka ile nzuri," alisema. "Ile isiyoharibika."

"Hii, mzee wangu, mama ataogea mpaka atuzike sote."

Tochi ikahama, ikamulika dari. Mzee akaomba radhi, akairudisha.

Alipokwenda kuwasha umeme fundi alipita mbele ya ule mlango, na utani ukamshinda kuuzuia. "Mama, toka sasa," aliita. "Umemshinda."

Ndani hakujibu mtu. Dada mtu aliuficha uso wake kwenye taulo, na fundi akaona amejitia kwenye mambo ya nyumba za watu, akarudi bafuni.

Wakakaa wawili kungoja tangi lipate moto, mmoja juu ya sanduku la vifaa, mwingine ukingoni mwa hodhi la kuogea. Mzee alianza kusema bila kuulizwa. Alisema alipoombwa mara ya kwanza alijibu mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipofika, akasema mwezi ujao. Jana mwenzake aliingia kuoga, akatoka anatetemeka, midomo imebadilika rangi, akamwomba tena.

"Nikamfokea," mzee alisema. "Nikamwambia anadeka. Akaniambia basi, yaishe."

Alilia bila kujifuta. Fundi hakuwahi kumwona mtu wa umri ule akilia hivyo kwa ugomvi wa nyumbani, akamhurumia kwa dhati. Akamwambia asijali, mama akishapata maji yake ya moto moyo utalainika, yatakwisha. Mzee alitikisa kichwa polepole na kuendelea kulitazama bomba.

Bomba likakohoa, likatema maji ya kutu, kisha maji safi, kisha mvuke ukapanda kwenye kioo. Mzee alinyoosha mkono chini ya maji na kuuacha hapo muda mrefu.

"Nikuwekee moto kiasi gani?" fundi aliuliza.

"Vuguvugu," mzee alisema. "Yasije yakamuunguza."

Shemeji yake aliingia na beseni, akalikinga mpaka likajaa, akatoka nalo polepole bila kumwaga tone. Mlango wa chumba aliusukuma kwa bega, na fundi akakiona kitanda, na shuka jeupe lililomfunika mama tangu miguuni mpaka juu ya uso.