Bawabu na Ufunguo wa Saba

Katika hadithi waliyokuwa wakiitunga kwa simu kwenye kundi lao la ujumbe, kila mtu na mhusika wake, Bi Mwanakheri alikuwa bawabu. Lango likifunguka tu, bawabu hana kazi tena, naye atabaki msomaji.

Mtu ambaye Bi Mwanakheri hakumjua, aliyecheza Mgeni, akaleta mstari mmoja: “Nimefika. Fungua.”

Bi Mwanakheri akajibu kwa mistari thelathini juu ya funguo: huu una kutu, huu umepinda kama kidole cha mkwewe.

“Bibi we, fungua basi!” kundi likalalamika.

“Subirini, wanangu. Wa saba bado sijaueleza.”

Kisha Mgeni akaandika kwa kirefu, mara ya kwanza: alitua mzigo, akavua kiatu cha kushoto, akakung'uta mchanga, akaketi.

“Haya, bawabu. Huo wa saba uliupata wapi?”