Upande wa Tatu wa Ubao

Kwa desturi ya nyumba ile ya shambani, ugali laini wa mahindi ulimiminwa wa moto juu ya ubao katikati ya meza. Kila mlaji alichota kutoka ukingo wake kuelekea katikati, ambako soseji moja ilimngoja atakayefika kwanza. Adhuhuri hiyo ya vuli, Ersilia aliueneza mpaka upande wa marehemu mumewe.

“Mama, tuko wawili tu,” alisema bintiye Nives, aliyekuja kumhamishia mjini. “Na mnunuzi wa nyumba anafuata funguo leo hii.”

“Kula, mwanangu. Hukuwahi hata siku moja kumtangulia baba yako kwenye soseji. Leo njia nyeupe.”

Nives alicheka, kisha machozi yakamlenga, akajifunika uso kwa viganja. Ersilia alikwenda dirishani kuiaga mizabibu iliyokwisha kuvunwa.

Aliporejea, Nives alikuwa bado amejifunika, na vijiko vyao viwili vilikuwa vikavu. Lakini kutoka upande wa tatu ulipita mfereji mwembamba, nadhifu, hadi katikati, na soseji haikuwapo.

Ersilia alizitia funguo mfukoni mwa aproni, akavuta kiti, akaketi. Mvuke ulikuwa ungali ukipanda kutoka kwenye ule mfereji.