Ubao wa Chini

Léocadie aliingia chumbani ghafla, akamkuta mumewe amelala ubavu kitandani, anang'oa kwa fimbo ubao wa chini wa banda la kobe lililo kando ya kitanda.

"Kumbe ni wewe, muzee! Kila siku napigilia misumari, nikizani kobe ana nguvu za shetani. Na akitoka, akaungua kwenye makaa ya mbabula?"

"Mama, umemujengea gereza. Tangu pikipiki inivunje mguu, mutu wa kushinda na mimi humu ni yeye tu. Sasa simuoni."

Léocadie alitazama misumari iliyopinda, akasonya.

"Sogea."

"Unataka kunipiga?"

"Sogea, nimesema!"

Akachukua msumeno wake, akapanda kitandani, akalaza shavu kwenye mto wa muzee, apime macho ya mtu aliyelala yanafikia ubao upi, aukate.