Kimya Kutoka Dodoma

"Nusaiba binti Hasani, umeridhia baba yako akuozeshe kwa Jafari?"

Shekhe aliuliza kwa mara ya pili, mdomo karibu kabisa na maikrofoni. Spika ndogo iliyowekwa katikati ya mkeka haikutoa hata mkwaruzo. Wanaume waliojazana sebuleni kwa Mzee Hasani, pale Njinjo, wakageuza shingo wote kumwangalia Ismael.

Ismael alikuwa amekaa pembeni, laptopu mapajani, kioo kimemwelekea yeye peke yake. Shekhe ndiye aliyetaka hivyo: sauti ya bibi harusi inatosha, sura yake si ya kutazamwa na ukumbi mzima. Kwa hiyo aliyemwona Nusaiba ni fundi tu. Binti yuko chumbani kwake chuoni Dodoma, ushungi mweupe, macho chini, saa ya ukutani nyuma yake. Na ameganda tuli kama picha ya kitambulisho.

"Imekwama," Ismael akasema. "Naombeni dakika mbili."

Loo, dakika mbili! Miaka miwili mizima alikuwa akiitengeneza programu hii ya kurusha picha mubashara penye mtandao wa kusuasua, na leo, siku yake ya kwanza mbele za watu, inamuumbua. Ingekuwa harusi tu, angevumilia. Lakini pale mlangoni alikaa Bwana Kornelio, mgeni kutoka Lindi, anayetafuta programu ya kuunganisha zahanati za vijijini na madaktari wa mjini. Asubuhi alimwambia bila kuzunguka: "Ikishika leo, kazi ni yako. Ikikata, tusilaumiane."

Ismael akaanza kuhangaika nayo. Tangu kabla ya shughuli alikuwa ameushusha ubora wa picha hadi chini kabisa, ipate kupenya kwenye mtandao mwembamba wa Njinjo. Sura ilionekana, ila kama unaitazama kupitia chandarua. Sasa afanye nini zaidi? Akakata mawasiliano, akaunganisha upya. Nusaiba akarudi vilevile, macho chini. Akabadilisha laini. Vilevile. Akatoka mbio hadi uani, akauzungusha mwanzi uliobeba modemu hadi ukaelekea upande wa Nangurukuru, ulipo mnara wa simu, akarudi jasho linamtiririka hadi kwenye nyusi.

Vilevile.

Kilichomtia wazimu hasa ni takwimu. Pembeni ya kioo zilikuwa zinamwambia mambo shwari kabisa: picha inachelewa nusu sekunde tu, na hakuna kinachopotea njiani. Takwimu zinasema inatembea, macho yanasema imeganda. "Na nyinyi mnanidanganya," akazinong'oneza kwa hasira.

"Kijana, unaniaibisha," Mzee Hasani akasema. Alikuwa amechinja mbuzi wawili na wali ulishaanza kupoa. "Shekhe, mimi naona tumalize. Kimya cha mwanamwali ndiyo ridhaa yake, wewe mwenyewe hutufundisha hivyo. Na huyu binti hajanipinga hata siku moja tangu azaliwe."

Bwana harusi akaitikia kwa kichwa. Jafari alikuwa rika moja na Mzee Hasani, ndevu zake zote mvi, na tangu swali liulizwe alikuwa akiivua kofia na kuivaa tena.

Shekhe akainua mkono.

"Kimya cha mwanamwali nakijua, Mzee Hasani. Cha mtandao sikijui." Akamgeukia Ismael. "Mwanangu, nakuuliza mbele ya Mwenyezi Mungu na watu hawa. Kama picha inatembea, basi swali amelisikia, kanyamaza mwenyewe, na mimi naozesha sasa hivi. Kama imeganda, hajasikia kitu. Tutaahirisha mpaka chuo kifungwe, aje mwenyewe nimuulize ana kwa ana. Nijibu, ni lipi?"

Kule mlangoni Bwana Kornelio akanyoosha shingo.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja ambacho Ismael hakukijaribu, kwa sababu hakuna fundi mwenye akili timamu angekifanya: kuupandisha ubora wa picha hadi mwisho, juu ya mtandao uleule mbovu. Kama takwimu zinadanganya, kila kitu kitazimika hapohapo na aibu yake itakuwa kamili. Kama zinasema kweli, picha itapita.

Akapandisha.

Haikuzimika. Ukungu ukaanza kutoka kipande kwa kipande. Ikaonekana nakshi ya ushungi. Ikaonekana rafu ya vitabu. Ikaonekana saa ya ukutani, namba zake zote kumi na mbili zikisomeka vizuri.

Mshale wa sekunde ulikuwa unatembea.

"Ismael!" Shekhe akaita. "Imeganda au haikuganda?"

Kule Dodoma, Nusaiba akainua macho. Yalikuwa mekundu, yamevimba. Akamtazama Ismael moja kwa moja, midomo ameibana, akatikisa kichwa mara moja, kukataa.

"Imeganda, Shekhe," Ismael akajibu, akifunga laptopu bila kuthubutu kumtazama Bwana Kornelio. "Programu yangu haifai."