Kipande cha Moshi

Mvua ilikuwa inanyesha ukutani, lakini violini zilikuwa bado kwenye jua la alfajiri.

"Musimame!" Maestro Adrien aligonga kijiti chake. "Gracieuse, umetangulia tena! Ungoje. Nikiinua kijiti, ndio unabadilisha."

"Pardon, maestro."

Gracieuse hakujua kusoma noti. Alijua kuchora. Kwa miezi mitatu alikuwa ametengeneza picha za kumulikwa na projekta kwenye ukuta wa salle, ukumbi wa parokia, nyuma ya orkestra, zitembee pamoja na muziki: kilima cha Djugu alfajiri, mvua, soko, moshi, kisha mavuno. Vipande vitano, na kati ya kimoja na kingine kimya kidogo. Adrien ndiye aliyeutunga muziki huo, na kila Gracieuse alipopotea, alimrudisha mwanzo mbele ya wanamuziki thelathini.

Jumapili mchana salle ilijaa mpaka mlangoni. Mama yake, Alphonsine, alitoka mtaa wa Ngezi na kitenge kipya, akakaa mstari wa mbele kabisa. Gracieuse alifunga mapazia, akaishika kompyuta.

Maajabu! Kilima kilipotokea tu, violini zikaanza. Mvua ikadondoka, ngoma zikaitika papo hapo. Wanamuziki nao walipiga kama si wao: hakuna aliyeinamisha kichwa, macho yote kwa Adrien. Soko lilipofika, watu waliwatambua wamama wauza samaki wa Kasenyi, wakaangua kicheko. Alphonsine alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Kisha kimya. Zamu ya moshi.

Gracieuse alimtazama mama yake. Tangu usiku ule walipokimbia kijiji kikiwaka moto, miaka sita sasa, hakuwahi kumwona akicheka hivyo. Kidole kikakataa. Akairuka picha ya moshi, akaweka mavuno, akafumba macho. Alijua kitakachofuata: muziki wa watu wanaokimbia utaanza juu ya mahindi mabivu, salle nzima itashangaa, na Adrien hatamsamehe maishani.

Tarumbeta zikalia. Zililia kwa furaha.

Alifumbua macho. Orkestra yote ilikuwa ndani ya mavuno. Alphonsine alikuwa amesimama, anapiga vigelegele, na nyuma yake mstari baada ya mstari wanawake wakasimama kumwitikia.

Makofi yalipotulia, Gracieuse alipenya katikati ya watu mpaka jukwaani.

"Maestro, aksanti! Aksanti sana! Uliondoa kipande ya moshi sababu ya mama yangu, na hata hukuniambia!"

Adrien alipangusa jasho, akacheka.

"Miye? Miye sikuondoa kitu. Asubuhi taximan alianguka na pikipiki, karton yetu ya noti ikaingia mu maji ya mto Nyamukau. Zote zimeharibika, haikubakia hata karatasi moja. Nikaogopa tutachanganya vipande. Nikaambia wanamuziki wanifuate miye tu."

"Na weye, maestro, ulifuata nini?"

Adrien akageuka, akanyoosha kijiti kuelekea ukutani, kwenye mahindi yaliyokuwa bado yanang'aa.

"Nilifuata weye."