Kuta za Ndayizeye

Katika jiji lile nyumba hazikujengwa tena kwa tofali. Zilioteshwa kutokana na ngozi ya binadamu, na sheria ilikataza kutumia ngozi ya raia. Ndiyo maana Ndayizeye, msanifu majengo kutoka Bujumbura, alipata kazi upesi. Watu walisifu michoro yake yenye baraza pana na madirisha ya kupitisha upepo kama ya kwao Burundi, lakini kuta zenyewe ziliota kutokana na paja lake.

Mkewe, Inamahoro, alipomfuata, jirani aliwaalika chai. Inamahoro akaegemea ukuta, akaruka. Ulikuwa na vuguvugu, una vinyweleo, unanuka kwapa la mumewe.

"Mchana hutoka jasho," jirani alisema, akiufuta kwa tambara. "Wanangu hawalali bila kuukumbatia."

Inamahoro akamvuta mumewe mkono. "Baba Keza, tuhame hapa," akanong'ona.

"Tuhamie wapi? Mtaa mzima ni mimi."

Jirani alikuwa ameshika nyundo na msumari, anataka kutundika picha. Ndayizeye akaweka kikombe chini.

"Gonga taratibu, mama," akamwambia.

Inamahoro aliona vinyweleo vya ukuta vikisimama.