Soksi za Kuvukia Theluji

Soksi za watelezaji thelujini hazikutengeneza joto. Zililivuta kutoka miguuni mwa ndugu aliyevaa jozi pacha nyumbani. Kila Aikaruwa alipofunga mbao zake za kutelezea na kuvuka kilele cha Kibo akipeleka dawa, mama yake kule Marangu aliganda hadi magotini. Aikaruwa akaapa kuiacha kazi hiyo baada ya safari moja ya mwisho.

Ila safari hii vidole vyake vilipata joto kupita kawaida. Akasimama, akapiga simu kwa hofu.

“Mama, una homa?”

“Homa gani, we mtoto! Majirani wamekuja na soksi zao, tumeziunganisha na zangu kwa uzi, tunagawana baridi. Mama Ndelilio anasema baridi yako inauma kuliko maneno ya mkwewe!”

Vicheko vikajaa simuni. Aikaruwa naye akacheka, kisha akateremka mbio, ili wanawake wale wavue soksi mapema.